Kuhama Bonde la Msimbazi: nani alipwe, alipwe nini, aende wapi

Desemba 2015, nyumba nyingi za Bonde la Msimbazi jijini Dar es Salaam zilichorwa X nyekundu ukutani, katapila likafuata, na wenye nyumba wakaondoka bila senti. Kuanzia 2023, wakazi wa bonde hilohilo walianza kulipwa fidia ili wapishe mradi wa kuurudishia mto nafasi yake. Vifungu vya sheria vilivyotumika kuwaondoa wale wa kwanza havikufutwa katika miaka hiyo. Kilichobadilika ni chanzo cha fedha: safari hii sehemu kubwa ilikopwa Benki ya Dunia, na mkopo ule ulikuja na masharti yake kuhusu namna ya kuhamisha watu.

Mjadala wa haki ungepaswa kuanzia hapo, ila kila masika tunaurudisha nyuma. Redioni na vijiweni watu hubishana kama wakazi wa mabondeni wahame au wasihame, na kila upande una hoja zake za miaka yote. Mto umeshaumaliza ubishi huo. Kigumu ni kukubaliana nani anahesabika kuwa amepoteza kitu, kitu hicho kinapimwaje, na mtu aliyelala Jangwani, bondeni humo, jana atalala wapi kesho bila kukatwa na riziki yake. Maswali hayo yamefungamana, na ukijibu moja vibaya mengine yote yanaharibika.

Tuanze na mto wenyewe, maana bila kuuelewa mtu anaweza kudhani watu wanaondolewa ili kupendezesha mji tu. Msimbazi huanzia vilima vya Pugu upande wa Kisarawe, ukateremka kama kilometa 35 kupita maeneo ya Kinyerezi, Tabata, Vingunguti, Kigogo na Magomeni hadi Jangwani, kisha ukaingia baharini karibu na Daraja la Salender. Njiani unapokea maji ya mito ya Sinza na Ubungo. Eneo lote linalomwaga maji humo lina zaidi ya kilometa za mraba 250, na sehemu kubwa sasa ni mabati, saruji na lami. Mvua ambayo zamani ingezama ardhini au kukawia vichakani leo inafika Jangwani kwa saa chache. Haiji peke yake: inabeba udongo uliomomonyoka huko juu, mchanga, chupa za plastiki, nguo, kila kilichotupwa mtaroni.

Jangwani ni tambarare. Mto ukifika pale hupunguza mwendo, na mto uliopunguza mwendo hutua mzigo. Mchanga unajaa, kina kinapungua, maji yanatafuta pembeni. Zaidi ya hapo mlango wa kutokea baharini ni mwembamba, na mvua kubwa ikikutana na maji ya bamvua, bonde zima linakuwa bwawa. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu wapatao 40. Yale ya Aprili 2018 yalikadiriwa kuleta hasara ya zaidi ya dola milioni 100 katika jiji, ukihesabu nyumba, biashara, barabara na siku za kazi zilizopotea. Kila Barabara ya Morogoro inapofungwa pale Jangwani, jiji linakatika vipande viwili.

Kuchimba mchanga peke yake si dawa. Masika moja tu inaweza kurudisha ulichotoa. Ndiyo maana wahandisi waliokaa na wakazi, manispaa na wataalamu wa mipango miji mwaka 2018 kuandaa mpango wa bonde walifika kwenye hitimisho lisilopendeza: mto upewe upana. Mkondo upanuliwe, daraja la Jangwani liinuliwe, katikati kuwe na hifadhi ya wazi inayoweza kuzama bila mtu kufa, kingo ziinuliwe kwa udongo uliochimbwa, na huko juu Pugu miti irudishwe ili udongo usiteremke. Septemba 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa Mradi wa Uendelezaji wa Bonde la Msimbazi, Uholanzi na Hispania nazo zikachangia. Upande wa serikali mradi uko TAMISEMI, ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa, na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, ndiyo inayousimamia.

Kwa hiyo kuna nyumba ambazo hazina namna ya kubaki. Mtu anayetetea wakazi kwa kukana hatari hiyo hawasaidii. Wao wenyewe ndio wanaoijua kuliko yeyote, ndio wanaoinua magodoro juu ya kabati usiku wa manane.

Lakini hatari hiyo haikuletwa na wao peke yao, na serikali haikuwa mtazamaji. Mpango Mkuu wa Jiji wa 1979 uliliweka bonde kando kama ardhi isiyofaa kwa makazi. Pamoja na hayo miji haikai kusubiri ramani. Watu walikuja, wakauziana viwanja kwa karatasi iliyosainiwa mbele ya mjumbe, umeme ukavutwa, mabomba ya maji yakafika, kodi ya majengo ikakusanywa, wenyeviti wa mitaa wakachaguliwa. Hananasif, mtaa unaopakana na bonde, miaka ya 1990 ulijengewa mitaro na barabara katika mradi wa kuboresha makazi ambao wakazi wenyewe walifanya kazi. Halafu serikali yenyewe ikajenga karakana ya mabasi ya mwendokasi palepale Jangwani. Mabasi yalianza kazi 2016, na tangu hapo karakana imeingiwa na maji mara kwa mara na mabasi kadhaa kuharibika. Ukimwambia mama anayeuza chakula bondeni kwamba alipaswa kujua hapafai, ana haki ya kukuuliza kwa nini waliosoma uhandisi hawakujua.

Sasa sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari. Sheria ya Ardhi ya 1999 nayo inaruhusu ardhi iliyo ndani ya mita 60 za ukingo wa mto kutangazwa kuwa ardhi hatarishi. Hizi mita 60 ndizo zilizosimama nyuma ya X nyekundu za 2015. Hoja ilikuwa fupi: uko ndani ya mita 60, umevunja sheria, mvunja sheria hafidiwi. Ubomoaji ulianza katikati ya Desemba, ukasimamishwa kupisha sikukuu, ukarudi Januari 2016, hadi baadhi ya wakazi walipopata zuio la mahakama.

Tazama udhaifu wa hoja ile. Kwanza, nyumba nyingi zilijengwa kabla ya 2004. Pili, mto haupimi kwa futi kamba. Jangwani maji yanatanuka mamia ya mita, kwa hiyo nyumba iliyo mita 90 inazama kila mwaka na haiguswi na sheria. Huko juu, ambako mto umejichimbia korongo, nyumba iliyo mita 40 kutoka mtoni, juu ya ukingo mrefu, haijawahi kuona tone la mafuriko. Tatu, ukingo wenyewe hutembea. Ulongoni na Gongo la Mboto mto umekuwa ukila ardhi, na mtu aliyejenga mbali na maji anaamka siku moja amekuwa jirani nayo bila yeye kusogea. Huyo amevunja sheria lini?

La nne ndilo linalosahaulika zaidi. Sheria hiyohiyo ya Ardhi, mwanzoni kabisa katika misingi yake, kifungu cha 3, inasema fidia kamili, ya haki na ya haraka ilipwe kwa mtu ambaye haki yake ya kumiliki, au ukaaji wake wa muda mrefu unaotambulika, umeingiliwa. Soma tena maneno hayo: ukaaji wa muda mrefu unaotambulika. Hayadai hati. Mtu aliyekaa miaka 30, anayelipa kodi ya majengo, aliye kwenye daftari la serikali ya mtaa, ana pa kusimamia. Mlango upo. Mwaka 2015 ulipitwa kana kwamba ni ukuta.

Mkopo wa 2022 ulikuja na kipimo kingine. Masharti ya Benki ya Dunia kuhusu kuhamisha watu yanawagawa walioguswa na mradi katika makundi matatu. Wa kwanza ni wenye haki rasmi ya kisheria, yaani hati au kinachofanana nayo. Wa pili hawana haki rasmi, ila wana dai linaloweza kutambuliwa na sheria za nchi, mfano mtu wa leseni ya makazi, au aliyenunua kwa karatasi ya mtaa na kukaa muda mrefu. Wa tatu hawana haki yoyote inayotambulika juu ya ardhi, wapo tu. Wawili wa kwanza wanalipwa ardhi na kilichojengwa juu yake. Wa tatu halipwi ardhi, lakini analipwa alichojenga kwa jasho lake, na anasaidiwa kuhama na kuanza upya. Hakuna anayetoka mikono mitupu kwa sababu tu alikosea mahali pa kujenga, mradi alikuwepo kabla ya tarehe ya ukomo.

Tarehe ya ukomo ni siku ambayo mradi unahesabu watu na mali na kutangaza kwamba atakayejenga baada ya hapo hatalipwa. Ina maana yake: bila hiyo, mabanda ya kuvizia fidia yangeota kama uyoga. Ila inaumiza pia. Kuanzia siku hiyo mtu anakatazwa kuongeza chumba, na akikarabati paa haongezewi kitu, kwa hiyo anaacha. Malipo yakichelewa miaka miwili, anaishi miaka miwili katika nyumba inayooza akisubiri fedha zilizokokotolewa kwa bei ya saruji ya zamani. Sheria ya Uthamini ya 2016 imejaribu kuziba tundu hili: uthamini wa fidia unadumu miaka miwili, na malipo yakipita miezi sita tangu uthamini uidhinishwe yanapaswa kuongezwa riba. Wachache wanaojua wanaidai riba hiyo. Wengi wanashukuru tu kuona ujumbe wa benki kwenye simu.

Tuingie kwenye hesabu, maana ndipo watu wengi wanapoibiwa au wanapodhani wameibiwa. Kanuni za fidia za 2001 zinataja vipande kadhaa: thamani ya mali, posho ya usumbufu, posho ya makazi, posho ya usafiri na faida iliyopotea kwa mwenye biashara. Posho ya usumbufu ni asilimia ya thamani ya mali, kwa kiwango cha wastani wa riba ambayo mabenki hutoa kwa amana ya mwaka mmoja. Posho ya usafiri ni gharama ya kusafirisha tani 12 za mizigo kwa umbali wa kilometa 20. Posho ya makazi ni kodi ya soko ya jengo lile kwa miezi 36. Faida iliyopotea nayo hupimwa kwa miezi 36. Anayemiliki kiwanja kitupu hapati posho ya makazi, usafiri wala faida.

Chukua mfano wa kubuni. Mama ana nyumba ya matofali ya vyumba sita, anaishi katika viwili na watoto, vinne amepangisha kwa shilingi 50,000 kila kimoja. Kuijenga nyumba kama hiyo leo ni milioni 30. Mthamini anaiangalia: kuta zina nyufa, bati limeshika kutu, choo kimechoka. Anakata uchakavu wa asilimia 40, inabaki milioni 18. Hesabu hii ina mantiki kwa mtu anayeuza nyumba yake kwa hiari. Kwa anayehamishwa haina, kwa sababu hakuna fundi anayejenga asilimia 60 ya nyumba. Saruji inauzwa mpya, nondo zinauzwa mpya. Hapa masharti ya Benki ya Dunia yanatofautiana na mazoea yetu: yanataka gharama kamili ya kupata kingine kama kile, bila kukata uchakavu, pamoja na gharama za uhamisho na usajili. Tofauti ya milioni 12 katika mfano huu ndiyo tofauti kati ya kuhamia nyumba na kuhamia pagala.

Posho ya makazi ya mama huyu, kwa kodi ya soko ya 300,000 kwa mwezi, ni milioni 10 na laki nane. Ni fedha nyingi, tena ni zaidi ya nusu ya thamani ya nyumba iliyokatwa uchakavu. Kwa hiyo ofisa anayesahau kipande hicho kimoja, au mkazi asiyejua kukiulizia, amepoteza sehemu kubwa ya haki. Ushauri wangu kwa yeyote anayepelekewa fomu ni mmoja: usisaini jumla. Omba mchanganuo, kipande kwa kipande, na picha ya mali iliyoambatanishwa, na nakala ubaki nayo.

Turudi kwa vile vyumba vinne vilivyopangishwa. Katika vyumba vile mna familia nne. Mmoja anabeba mizigo Kariakoo, mmoja anauza nguo za mtumba Mchikichini, mmoja ni fundi cherehani, mmoja anakaanga mihogo jioni. Mama mwenye nyumba akilipwa, wao wanapewa notisi. Katika kanuni zetu mpangaji karibu haonekani. Kilicho chake hakipimiki kwa matofali: anajua mwenye duka anayemkopesha unga, ana mtu wa kumwachia mtoto, anafika kazini kwa miguu kabla ya jua. Masharti ya kimataifa yanasema mpangaji asaidiwe kuhama na kupata pa kukaa, na hilo ni afadhali, ila msaada wa kuhama hununua kodi ya miezi kadhaa. Baada ya hapo atatafuta chumba cha bei aliyoizoea, na chumba cha bei ile mjini kati kiko wapi? Kwenye bonde jingine. Mradi unaosafisha bonde moja bila kufikiria wapangaji unajaza bonde la pili, na miaka 10 ijayo tutakuwa tunapiga X huko.

Kuna kundi jingine ambalo watu wa Dar wanalijua vizuri: nyumba za urithi. Baba alijenga, akafariki, watoto saba hawakugawana, watatu wanaishi humo na wanne wako mikoani. Mthamini anapokuja anaandika jina la aliyefungua mlango. Siku ya malipo wanatokea wote, na mradi, kwa kujilinda, unasimamisha fedha mpaka aletwe msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Wakati huo majirani wamelipwa, wamebomoa, vibaka wanaingia, na familia hii imebaki peke yake katikati ya kifusi. Dawa yake si ngumu: wakati wa kuhesabu watu, mradi ulete na mwanasheria mtaani na kufungua mashauri ya mirathi mapema, kwa pamoja. Na pale mume na mke wanapomiliki pamoja, akaunti iwe ya wote wawili. Fedha ya nyumba iliyoingia akaunti ya mmoja imeshavunja ndoa nyingi mjini hapa.

Swali la wapi waende lina historia chungu. Baada ya mafuriko ya 2011 serikali ilipima viwanja Mabwepande, kaskazini ya jiji kuelekea Bunju, ikawapeleka wahanga kwanza kwenye mahema. Kwa macho ya mpango, kiwanja kilichopimwa, kikavu, chenye namba, ni bora mara 100 kuliko chumba cha Jangwani. Kwa macho ya kibarua wa Kariakoo, Mabwepande ni kilometa zipatazo 30 kutoka mahali anapopatia chakula, na mwanzoni hapakuwa na maji, shule wala zahanati ya kutosha. Nauli ya kwenda na kurudi ilikula kibarua chote. Baadhi waliuza au kupangisha viwanja vyao wakarudi mjini, wengine bondeni kabisa. Walitukanwa kuwa ni wakaidi. Mimi naona walipiga hesabu: mafuriko huja mara moja au mbili kwa mwaka, njaa huja kila siku jioni.

Mfano wa karibu zaidi wa namna nyingine uko ng'ambo tu ya bonde, Magomeni Kota. Pale wakazi wa nyumba za zamani za serikali waliondolewa kwa ahadi ya kurudi, wakazunguka kwa miaka mingi wakipanga huku na kule, na Machi 2022 Rais Samia Suluhu Hassan akazindua magorofa kwa ajili ya familia 644 palepale walipotoka. Yalikuwepo malalamiko kuhusu masharti ya kununua, na kusubiri kulikuwa kurefu mno. Lakini jambo moja limethibitika: ghorofa la watu wa kipato cha chini linaweza kusimama katikati ya jiji, dakika chache kutoka Kariakoo. Kwa nini basi wa bondeni walipwe fedha taslimu tu na kuambiwa wajitafutie? Fedha taslimu ni rahisi kwa mlipaji. Inafunga jalada. Kwa mpokeaji, hasa anayelipwa kiasi kidogo kwa sababu ardhi yake haikuhesabiwa sawasawa, inatosha kununua kiwanja Chanika au Mkuranga na kuanza msingi, halafu inaisha kwenye linta.

Hili la thamani ya ardhi linanikera kuliko mengine, na hapa ndipo mradi wowote wa kurejesha mto unapojulikana rangi yake. Wakati wa kulipa, ardhi ya bondeni huitwa hatarishi, kwa hiyo bei yake iko chini au haipo. Mto ukishapanuliwa, kingo zikishainuliwa kwa kifusi na bustani ya jiji ikishapandwa, ardhi ya pembeni inageuka kuwa miongoni mwa ardhi ghali Dar es Salaam: mjini kati, yenye upepo, inayotazama majani. Mpango wa bonde wenyewe unatarajia majengo mapya kwenye kingo zilizoinuliwa, na mapato yake yangesaidia kuitunza bustani. Sipingi majengo. Nauliza nani ana nafasi ya kwanza. Kama sehemu ya vyumba hivyo, japo kidogo, ingetengwa kwa waliotoka bondeni kwa kodi wanayoimudu, kuhama kungekuwa kwa muda badala ya kufukuzwa kwa daima. Kama havitatengwa, basi waliobeba hatari kwa miaka 40 watakuwa wamepisha faida ya watu wengine.

Nairobi wanapita njia hiyohiyo kwa haraka zaidi. Mvua za Aprili na Mei 2024 zilipofurisha Mathare na Mukuru, serikali ya Kenya iliamuru watu waondoke kwenye kingo za mito, matingatinga yakaingia mara moja, na kila familia ikaahidiwa shilingi 10,000 za Kenya. Huko kanuni za maji hutaja ukingo wa kati ya mita 6 na 30 kutegemea upana wa mto, lakini kwenye matamko ya viongozi mita 30 ndizo zilizovuma. Kenya ina silaha ambayo sisi hatuna kwa uwazi huo: Januari 2021 Mahakama ya Juu, katika shauri la wakazi wa kijiji cha Mitumba waliobomolewa 2011 karibu na Uwanja wa Ndege wa Wilson, ilisema kwamba watu wasio na makazi waliokaa ardhi ya umma kwa muda mrefu hawageuki wamiliki, ila wanajenga haki ya makazi inayolindwa na Katiba. Hukumu hiyo haikuzuia matingatinga ya 2024. Iliwapa tu waliobomolewa kitu cha kushika mkononi wakienda mahakamani.

Hapa kwetu wakazi wanategemea karatasi za mradi. Zina manufaa yake: kuna dawati la malalamiko, kuna orodha iliyobandikwa ofisi ya serikali ya mtaa, kuna wakaguzi wa mkopeshaji wanaoweza kuandikiwa barua. Mkazi anayeona mali yake imeachwa anaweza kwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha halmashauri, kisha TARURA, na akikwama kuna ngazi ya kulalamika kwa benki yenyewe. Ni ngazi ndefu kwa mtu anayeuza mihogo, lakini 2015 haikuwepo hata ngazi ya kwanza.

Mkopo, hata hivyo, una mipaka yake kwenye ramani. Fidia kubwa ya mradi imekwenda bonde la chini, kuanzia Kigogo kushuka Jangwani hadi Upanga, kwa sababu ndiko mkondo unakopanuliwa. Huko juu mto unaendelea kumega kingo kila masika. Mtu wa Ulongoni ambaye nusu ya kiwanja chake imeshaondoka na maji hayumo kwenye orodha ya mthamini, hana tarehe ya ukomo wala dawati. Mto wake ni huu huu wa Msimbazi. Siku atakapoambiwa ahame, kama sheria itabaki kutumika ilivyotumika 2015, ofisa atakuja na rangi nyekundu na mita 60.